Mayai Mavumbini

Soma Ayubu 39:13–18. Je, mzazi anayeonekana kuwatelekeza watoto wake amewatelekeza kweli?

Kwa mkulima wa Mbinga, neno "mbuni" hukumbusha kwanza shamba la kahawa. Ndege mwenye jina hilo haonekani katika milima ya Umatengo wala kando ya Ziwa Nyasa. Makao yake ni nyika za kaskazini, kama Serengeti. Hata hivyo lawama anayoibeba inajulikana Mbamba Bay na Liuli pia: mama asiyejali.

Ayubu 39 inamweleza kama mpita njia anavyomwona: mayai yako chini, mahali ambapo mguu waweza kuyaponda. Anayekaa na kutazama kwa muda mrefu huona zaidi. Mchana huatamia jike, ambaye rangi yake hufanana na vumbi. Usiku huingia dume, mweusi kama giza lenyewe. Hupokezana hivyo kwa takriban siku 42. Tena majike kadhaa hutaga katika kiota kimoja, na jike kiongozi huatamia hata mayai ya wenzake. Lakini kiota kikijaa, huyaweka yake katikati na kuyasukuma ya wengine pembeni, ambako huharibika.

Rafiki za Ayubu walikosea hapo. Waliona majivu na majipu, wakahukumu bila kuuliza. Mungu alipojibu, alimtaja hata ndege anayedhaniwa mpumbavu, akaonyesha kwamba naye amepewa fungu lake: mbio za kumwacha farasi nyuma.

Basi mama aliyemwachia bibi watoto akaenda Songea kutafuta kibarua, asihukumiwe kwa macho ya mpita njia. Pengine ndiye anayetuma fedha za madaftari. Kutelekeza kwa kweli kupo, na Maombolezo 4:3 haifichi jambo hilo. Lakini hukumu isiyotanguliwa na swali haimlishi mtoto.

Na mtoto huyo akishapokelewa nyumbani, je, yuko katikati ya kiota au pembeni? Nani hununuliwa sare mpya, na nani hupewa iliyochakaa? Nani hutumwa maji kila jioni? Kumpokea mtoto wa mwenzako ni jambo moja. Kumweka katikati ni jambo jingine. Tazama Yakobo 1:27.

Kwa majadiliano: Ni mtoto gani katika kanisa lenu yuko pembeni? Darasa lenu litafanya nini juma hili ili kumsogeza katikati?