Mdalasini na Mzigo wa Ushahidi

Mdalasini unaoteremshwa kutoka Kinole na Matombo, kwenye miteremko ya Uluguru, hufika Morogoro mjini ukiwa kiungo cha chai na pilau. Ukishasagwa na kutiwa koponi, huenda ukatangazwa kuwa unatibu kisukari. Je, ni haki kumtaka mgonjwa aamini dai ambalo anayelitoa ndiye atakayefaidika nalo? Nashikilia kwamba mzigo wa ushahidi ni wa muuzaji, wala haumwangukii mlaji eti kwa kuwa hana la kukanushia. Ulimi hujua ladha ya mdalasini, lakini haujui kama sukari imeshuka ndani ya damu. Palipo na jambo lisilohisika, mnunuzi hubaki na imani tu, na anayeiomba imani ya mgonjwa amepokea amana.

Wapo watakaosema kuwa faida haimfanyi mtu kuwa mwongo. Ni kweli kabisa. Unga wa mahindi uliorutubishwa kwa asidi ya foliki nao huuzwa kwa faida, na bado dai lake lina mizizi: jaribio lililochapishwa Uingereza mwaka 1991 lilithibitisha kuwa foliki, ikitumiwa tangu kabla ya mimba, hupunguza sana kasoro za ubongo na uti wa mgongo kwa watoto. Dai hilo lilipelekwa mahali ambapo lingeweza kushindwa, likashinda. Mdalasini nao umepimwa. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na mtandao wa watafiti wa Cochrane mwaka 2012, yenye majaribio 10 na watu 577, hayakupata ushahidi wa kutosha kuupendekeza kwa wagonjwa wa kisukari. Hata hivyo, tusidhani kila utafiti ni safi: mwaka 2016 ilifichuliwa kuwa wafanyabiashara wa sukari wa Marekani waliwalipa watafiti wa Harvard kwa makala ya 1967 iliyopunguza lawama ya sukari katika magonjwa ya moyo.

Pingamizi zito zaidi ni la uzoefu wa wazee. Nauheshimu, maana umetufundisha kipi huliwa na kipi hudhuru upesi. Lakini uzoefu hupima kinachoonekana, na kisukari huharibu figo na macho kimyakimya. Nembo ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania lililokabidhiwa usimamizi wa usalama wa chakula mwaka 2019, nayo huthibitisha kuwa bidhaa imekidhi kiwango. Haithibitishi kwamba inaponya. Kwa hiyo anayeandika koponi “hutibu kisukari” au “huimarisha kinga” aulizwe: ni matokeo gani yangekufanya ulifute neno hilo?