Tuko Wangapi Nyumbani?

Muuza dawa aliniuliza swali moja: "Mko wangapi nyumbani?" Nikajibu, "Sita." Sikuhitaji kufikiri, na wala sikujua kwamba nimetoa jibu la uongo. Insha hii inahusu namba hiyo. Ninajiuliza: tunapomtibu mtoto ugonjwa wa ngozi nyumbani, wajibu wetu unamfikia nani? Na je, tuna haki ya kumtafuta mtu wa kumtwika lawama?

Nianze na kisa chenyewe. Nilikuwa likizoni kwa shangazi yangu huko Nansana, nje kidogo ya Kampala. Mwanawe wa mwisho, mwenye umri wa miaka minne, alianza kujikuna usiku hadi akawa halali. Alikuwa na vipele vidogo katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kiunoni na makalioni. Shangazi alimwogesha kwa maji ya chumvi, akampaka majani ya mwarobaini yaliyotwangwa. Kujikuna hakukukoma. Ndipo akanituma duka la dawa, kwa kuwa mimi ndiye niliyeitwa msomi wa nyumba.

Muuza dawa alisema dalili hizo ni za upele. Akanieleza kwamba mtoto hawezi kutibiwa peke yake: watu wote wa nyumbani wapakwe siku moja, anayewashwa na asiyewashwa, kutoka shingoni hadi nyayoni, hata chini ya kucha. Alinipa losheni ya benzili benzoeti ya kutosha watu sita, akaniagiza kwamba ya mtoto tuichanganye na maji nusu kwa nusu. Nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani.

Sita hao walikuwa shangazi, mumewe, watoto wao watatu na mimi. Nilimwacha msichana aliyekuwa akimlea mtoto yule, aliyempikia uji, aliyembeba mgongoni na kulala naye kwenye godoro moja. Nyumba nzima tulimwita Dada. Kila siku tulilitamka jina la undugu, lakini siku ya kuhesabu ndugu, Dada hakuwamo. Tulijipaka dawa, yeye akiwa uani anafua mashuka yetu.

Baada ya wiki tatu mtoto alianza kujikuna tena. Shangazi alikumbuka kwamba Dada alikuwa amekwenda kwao Busoga kwenye mazishi muda mfupi kabla ya ugonjwa kuanza. Ushahidi ukawa huo. Mumewe akatoa methali, "Mchuma janga hula na wa kwao," na kesi ikaisha hapo. Dada alifunga mfuko wake akapanda teksi asubuhi, bila dawa. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Sikusema neno.

Kwa kuwa tuliamini chanzo kimeondoka, safari hii tulimpaka mtoto peke yake. Upele ukarudi mara ya tatu, na sasa vidonda vikawa na usaha na mtoto akapata homa. Tulimpeleka kituo cha afya. Muuguzi alipomaliza kumtazama aliuliza lile lile swali, nami nikajibu vile vile. Lakini yeye aliongeza la pili: "Na mtoto analala na nani?" Nikasema alikuwa akilala na Dada, ila ameondoka. "Dada alipakwa dawa?" Nilitazama chini.

Muuguzi alitueleza mambo ambayo yamebadilisha mawazo yangu. Upele huletwa na utitiri mdogo sana unaochimba njia ndani ya ngozi na kutaga mayai humo. Huambukizwa hasa kwa ngozi kugusana na ngozi kwa muda, kama vile watu wanaolala pamoja. Mtu anayeupata kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki nne hadi sita bila kuwashwa, huku tayari akiambukiza wengine. Niliposikia hayo nilimkumbuka mwenzangu wa chumbani hosteli, aliyejikuna muhula mzima nasi tukimtania. Huenda aliyeuleta upele Nansana ni mimi. Huenda ni watoto wakubwa, kutoka shuleni. Huenda kweli ni Dada. Hakuna awezaye kujua.

Hii ndiyo hoja yangu ya kwanza. Katika ugonjwa huu, anayeanza kujikuna si lazima awe ndiye aliyeuleta. Kwa hiyo hukumu tuliyoitoa haikuwa na msingi wowote wa maarifa. Tulimchagua Dada kwa sababu ndiye aliyekuwa rahisi kumfukuza. Lau tungesema ni mume wa shangazi, tungemfungia mfuko naye?

Hoja ya pili ni kwamba lawama iliharibu tiba. Tulipompata mkosaji tuliacha kutafuta ugonjwa. Mtoto akaumia zaidi kwa sababu sisi tuliridhika. Muuguzi alituonya kwamba vidonda vya upele vinapoingiliwa na bakteria, madhara yanaweza kufika hadi kwenye figo. Kwa hiyo dhuluma aliyotendewa Dada haikumwumiza yeye tu. Ilirudi kwenye mwili wa mtoto tuliyedai kumlinda.

Hapa wenzangu wataniuliza maswali, na ni ya haki. Swali la kwanza ni la fedha. Dawa ya watu saba ni ghali kuliko ya mmoja, na wahenga walisema mtu hujikuna ajipatapo. Nakubali kwamba uwezo una mipaka. Lakini sisi tulinunua dawa mara mbili, kisha tukalipia matibabu ya vidonda. Isitoshe, methali hiyo inamzungumzia mtu anayejikuna mwenyewe. Haisemi tumwache anayelala na mtoto wetu ajikune mpaka damu, kwa kuwa mkono wetu haumfikii.

Swali la pili ni la uhuru. Mume wa shangazi alisema, "Mimi siwashwi, kwa nini nipakwe dawa inayochoma?" Mtu ana haki juu ya mwili wake, nami sitaki tumpake mtu mzima kwa nguvu. Lakini kutowashwa si ushahidi kwamba huna upele. Anayekataa, kisha akampakata mtoto jioni, hauamulii mwili wake peke yake. Anastahili kuelezwa kwa subira, na akishaelezwa, naye ana deni la kukubali.

Swali la tatu ni la aibu. Tukiwaambia majirani ambao watoto wao hucheza na wetu, si watatuona wachafu? Wengi wetu tumelelewa kuamini kwamba upele ni ugonjwa wa uchafu. Si kweli, utitiri hauchagui ngozi iliyooga na isiyooga. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliuingiza upele katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa, na nadhani sehemu ya kupuuzwa huko ni hii aibu yetu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na upele humuumbua hata kabla ya kifo, kwa vidole vyake mwenyewe.

Sisemi kwamba tiba ya nyumbani ni kosa. Mwaka 1687 daktari Mwitaliano, Giovanni Cosimo Bonomo, aliandika kuhusu utitiri wa upele aliouona kwa hadubini. Jambo lililomwelekeza ni kwamba wanawake maskini walionekana wakiwatoa watoto wao vijidudu ngozini kwa ncha ya pini. Mama alikuwa amejua kabla ya mtaalamu. Nyumba inayofuata maelekezo inaweza kuumaliza upele, ingawa mtoto mchanga, mwenye usaha au mwenye homa apelekwe kwa mhudumu wa afya. Kosa letu halikuwa kutibu nyumbani. Kosa letu lilikuwa kutojua nyumbani ni kwa nani.

Katika mihadhara yetu tunamtaja sana John Mbiti, aliyewahi kufundisha Makerere, na fikra yake kwamba mtu huwa mtu kwa sababu ya watu wake. Nimeiandika katika mitihani nikapata alama. Lakini pale dukani, kiambishi "tu" cha "tuko sita" kilimtoa mtu nje, na mimi mwanafunzi wa Kiswahili ndiye niliyekitamka. Sarufi haituambii nani yumo ndani ya "sisi". Hilo tunaliamua wenyewe, kila mara tunapohesabu sahani, vyandarua na chupa za dawa.

Safari ya mwisho tulijipaka sote kwa siku moja, hata mume wa shangazi, tukarudia kama tulivyoelekezwa, na mtoto akapona. Nilimweleza shangazi habari ya hosteli. Alinyamaza muda mrefu, kisha akanipa fedha nimtumie Dada kwa simu anunue dawa, kwa ajili yake na wadogo zake ambao sasa nao walikuwa wanajikuna. Kazi yake ilikuwa imeshapewa mtu mwingine, hilo hatukulirekebisha. Nilipompigia nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi, lakini aliniwahi kwa swali.

"Mtoto anaendeleaje?"

Nikamwambia amepona. Kisha nikamwuliza swali ambalo nilipaswa kumwuliza tangu mwanzo: "Na huko kwenu, mko wangapi?"