Ukilibandua Bati

Baba yangu alikuwa fundi bodi mjini Moshi, enzi ambazo basi lilifika gereji likiwa chesisi tupu, likavalishwa bodi papo hapo: mifupa ya mbao, ngozi ya bati. Gari la zamani likiletwa kukarabatiwa, hakushika nyundo kwanza. Aligonga ubavu wake kwa kifundo cha kidole, akatega sikio kama anayebisha hodi kwa mgonjwa. "Mbao ikiitika, nzima," alisema. "Ikinyamaza, hiyo imekufa. Usiipigie msumari." Kazi yangu mimi ilikuwa kushika taa na kunyamaza.

Sikudhani ningekuja kuyahitaji maneno yake hapa Minnesota. Lakini miaka miwili iliyopita jirani yetu, bibi mmoja mjane, alikuwa anahamia kwa mwanawe, na uani kwake kulikuwa na trela la kulala aina ya Shasta, la mwaka 1962. Urefu wake ni kama mita tano, na nyuma lina vibawa viwili vya bati, kama ndege iliyoghairi kuruka. Matrela ya umbo hilo Wamarekani huyaita makopo ya nyama, na ukiyatazama ubavuni huwezi kuwabishia. Bati lilikuwa bado linang'aa. Nikaligonga. Mbele kuliitika. Kona ya nyuma, kimya. Nikamlipa bibi dola 700, na mke wangu akaniuliza kama nimeamua kufuga kuku.

Kona ile haikusema uongo. Adui mkubwa wa trela la zamani ni maji. Huingilia tundu la skrubu au ukingo wa dirisha, yakateremkia ndani ya ukuta, na mbao ikaoza polepole mwaka baada ya mwaka. Alumini haioti kutu kama chuma, kwa hiyo nje huoni kitu. Siku tulipolibandua bati, fremu ilivunjikia mikononi mwetu kama mkate mkavu. Binti yetu, mwenye miaka kumi na miwili, alikinga unga wa mbao kiganjani na kuuliza, "Baba, kwa hiyo lilikuwa limesimama kwa nini?" Sikuwa na jibu. Nadhani kwa mazoea.

Kazi ilichukua majira mawili ya joto. Mke wangu, ambaye hesabu zake ni nzuri kuliko zangu, alipima mbao na kukata plaiwudi. Mdogo wake binti yetu alipewa bati alisugue, na alisugua hasa pale anapoiona sura yake. Binti alipewa dirisha moja liwe lake: kukwangua gundi kuukuu, kulaza mkanda mpya wa kuzibia, kurudisha skrubu moja moja. Alitumia wikendi tatu. Mimi nilifunga madirisha mawili kwa alasiri moja, nikajisifu.

Julai tukafunga safari ya kwanza, kwenda hifadhi ya Itasca, kaskazini mwa jimbo. Ni hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1891, na ndani yake kuna ziwa ambamo mto Mississippi unaanzia. Nilipakia kama mtu anayehama mji: madumu ya maji, sufuria, mchele, kreti ya soda, vyote nyuma, chini ya kitanda. Kuni tu ndizo tulizoziacha, kwa kuwa wapiga kambi hutakiwa kuzinunua karibu na kambi ili wasisafirishe wadudu wanaoua miti. Tulipofika barabara kuu, lori likatupita, na trela likaanza kutikisa mkia, kidogo, kisha sana, mpaka gari lenyewe likawa linachezeshwa. Niliuinua mguu kwenye mafuta bila kukanyaga breki, likatulia, nikaegesha pembeni huku mikono ikitetemeka.

Kosa lilikuwa langu. Asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela inatakiwa ilalie pale linaposhikana na gari. Mzigo ukizidi nyuma ya ekseli, mkia ndio unaoendesha. Tulishuka sote wanne, tukahamishia vitu vizito mbele, dumu kwa dumu. Hatukutupa hata kimoja. Baada ya hapo trela lilitufuata kwa adabu mpaka kambini.

Jioni ile ilikuwa nzuri kuliko nilivyotegemea. Tulipika wali kwenye moto, mbu wakatukumbusha nyumbani, na ziwani ndege akatoa mlio mrefu uliomfanya mdogo aulize kama Marekani kuna fisi. Wapita njia walisimama kulisifia trela. Mzee mmoja alisema lilimrudisha utotoni, nyakati nzuri, watu walipokuwa watu. Nilimshukuru, lakini neno lake likalala nami.

Maana mwaka 1962, trela hili lilipotoka kiwandani, familia yenye rangi yetu haikuweza kuegesha popote tu. Kulikuwa na kitabu cha mwongozo, Green Book, kilichoanzishwa mwaka 1936 na mpeleka barua wa Harlem aliyeitwa Victor Hugo Green. Kiliwaorodheshea wasafiri weusi hoteli, migahawa na vituo vya mafuta ambako hawangefukuzwa. Mwaka 1962 kilikuwa bado kinahitajika, kwani sheria iliyokataza ubaguzi wa aina hiyo ilipitishwa mwaka 1964. Hata hifadhi za taifa hazikuwa salama: ile ya Shenandoah, Virginia, iliwahi kuwatengea watu weusi kambi yao peke yao, iitwayo Lewis Mountain. Mzee yule hakusema uongo kuhusu utoto wake. Aliliona bati. Sisi tulikuwa tumeshalibandua.

Nilikuwa macho nikiyawaza hayo mvua ilipoanza. Mvua juu ya paa la alumini ni ngoma, na sote tuliamka, kila mmoja akisikiliza kona yake. Kisha tone likaniangukia shavuni. Likafuata la pili. Binti aliwasha tochi, akalikagua dirisha lake kwa kidole, ukingo kwa ukingo. Kavu. Akamulika la kwangu.

"Baba, samahani. Linalovuja ni lako."

Nakiri kwamba kitu kilinipanda kifuani. Kwa baba yangu, mtoto hakumwambia fundi kwamba kazi yake inavuja. Niliwahi kuthubutu mara moja, kwa basi lililokuwa likiondoka kesho yake, na shavu langu lilijua. Basi liliondoka, likarudi baada ya mvua za masika, na hakuna aliyezungumzia jambo hilo tena. Baba alinifundisha kuisikiliza mbao. Yeye mwenyewe hakutaka kusikilizwa kwa kifundo cha kidole.

Ndani ya giza lile mke wangu alisema taratibu, "Usipoziba ufa..." na hakumalizia. Nikacheka kwanza, kisha nikamwambia binti yangu, "Kweli, ni langu. Nililiharakisha. Umelifungaje la kwako?" Akanieleza kwa dakika kumi, akinishika mkono kunionyesha mkanda unavyopaswa kupinda konani, huku sufuria ya wali ikikinga matone katikati yetu.

Tunapenda kusema zamani mambo yalikuwa mazuri, na wengine hujibu kwamba zamani yote ni ya kutupwa. Nimelala ndani ya zamani usiku mmoja na siafiki upande wowote. Kukarabati ni kugonga kila ubao. Ule uvumilivu wa baba kazini, kusikiliza kabla ya kupiga msumari, nimeuacha ukutani, bado unaitika. Kofi lake nimelikata. Na ajuaye wapi panavuja hawezi kuwa yule aliyefunga dirisha tu. Mara nyingi ni yule aliyelala chini yake, awe mtoto au awe mgeni.

Asubuhi tulienda pale ambapo Mississippi unatoka ziwani. Ni kijito tu, maji ya magotini, na watu huvuka kwa kukanyaga mawe. Ubao uliopo unasema kutoka hapo hadi Ghuba ya Mexico ni maili 2,552. Watoto walivuka mara saba wakihesabu.

Jumamosi hii tunalibandua bati la ubavu wangu. Binti ndiye fundi. Mimi nitashika taa, na nikiona kosa nitasema.