Mamlaka ya Baba Nyumbani

Wako waume wanaolikumbuka fungu moja tu la Maandiko Matakatifu. Injili ya Dominika iliyopita wameisahau, lakini mke akitoa shauri juu ya fedha ya mavuno, mara wamwambia ya kuwa Mtume Paulo amewaagiza wake kuwatii waume zao. Neno hilo limeandikwa kweli, nasi hatuna ruhusa ya kulifuta. Wala hatuna ruhusa ya kulikata vipande.

Na tufungue Waraka kwa Waefeso, sura ya 5. Agizo kwa wake limo katika mstari wa 22. Lakini katika mstari wa 21 Mtume amekwisha kuwaagiza Wakristo wote watiiane kwa kumcha Kristo. Tena katika hati kadhaa za Kigiriki zilizo za kale sana, mstari wa 22 hauna kitenzi chake. Wategemea kile cha mstari wa 21. Basi asomaye wa pili na kuuacha wa kwanza amesoma nusu ya neno. Kisha, katika mstari wa 25, mume aagizwa kumpenda mkewe kama Kristo alivyolipenda Kanisa hata akajitoa kwa ajili yake. Aliye Kichwa cha Kanisa alivikwa taji ya miiba. Mume atakaye kuwa kichwa cha nyumba na ajifunze hapo.

Papa Pio XI, katika barua yake ya mwaka 1930 juu ya ndoa, alifundisha ya kuwa mke halazimiki kutii matakwa ya mume yasiyopatana na akili wala na heshima yake. Papa Yohane Paulo II, mwaka 1988, alieleza kwamba katika ndoa utii ni wa pande zote mbili. Kwa hiyo ampigaye mkewe asimfanye Mtume Paulo kuwa shahidi wake. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 yamkataza. Na Waraka kwa Wakolosai ulikwisha kumkataza hata ukali.

Watoto nao wameagizwa kuwatii wazazi. Lakini papo hapo baba aonywa asiwachokoze. Kule Nasareti Mwana wa Mungu aliwatii Maria na Yosefu. Na Yosefu, mkuu wa nyumba ile, alitumiaje ukuu wake? Aliamka usiku, akamchukua mtoto na mama yake, akawakimbiza mpaka Misri wapate kuishi.

Enyi akina baba, leo jioni, kabla ya sala ya pamoja, waulizeni wake zenu shauri lao, mkawasikilize hata mwisho.