Mwenye Sauti na Mwenye Studio

Wimbo usikikapo redioni, msikilizaji huuliza jina la mwimbaji, na akishatajiwa huridhika. Aghalabu hamkumbuki mtu mwingine ambaye hakutunga wala hakuimba, lakini ndiye aliyeamua ngoma ilie kwa nguvu gani, sauti ikae mbele au nyuma ya ala, kibwagizo kirudiwe mara ngapi, na wimbo ukatike wapi. Mtu huyo ni mtayarishaji, ambaye vijana humwita prodyuza. Mengi yamesemwa juu ya ufundi wake. Machache yamesemwa juu ya swali la maadili lililo chini ya ufundi huo: ana haki gani juu ya sauti isiyo yake, na haki hiyo inakoma wapi?

Na ichukuliwe kwa mfano Igamba, kata ya wilaya ya Mbozi, katika mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Ni nchi ya Wanyiha na ya mibuni. Haikupungukiwa na sauti: zipo ngoma, zipo kwaya za makanisa, kwani Wamoravian walikwishafika Mbozi karne ya 19 ilipokuwa ikimalizika, na upo muziki wa Zambia unaovuka mpaka wa Tunduma bila ya kuulizwa pasi. Kijana wa huko atakaye wimbo wake usikike mbali hana budi auchukue, pamoja na fedha za kahawa, aende nao penye studio: Vwawa, Tunduma, Mbeya au, akijaliwa, Dar es Salaam. Hulipa kwanza. Kisha mwenye mashine aweza kumwambia kwamba mdundo wa kwao ni mzito, redio hazitaupiga. Kwamba lugha yake haitafahamika. Aimbe Kiswahili, naye atapewa biti iliyokwisha kutengenezwa. Kijana hukubali. Lakini je, amekubali kwa hiari, au amekubali kama akubalivyo abiria ambaye chombo ni kimoja na bahari ni pana?

Jambo hili lina historia ndefu, na visiwani linafahamika vyema. Siti binti Saad na wenzake waliposafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, upande mmoja wa sahani ulikuwa na nafasi ya dakika tatu hivi. Taarabu, iliyozoea kwenda kwa nafasi yake mbele ya wasikilizaji waliokaa usiku kucha, ililazimika kujikunja iingie humo. Hapana aliyekusudia ubaya. Hata hivyo mpaka wa sahani uligeuka kuwa mpaka wa wimbo, na waliokuja baadaye, ambao hawakuwahi kumwona Siti barazani, wakadhani kwamba ndivyo alivyoimba siku zote. Upande wa pili wa mizani nao ni mzito: lau si sahani hizo, sauti yake isingalivuka bahari wala kuishi baada ya kifo chake mwaka 1950.

Mwaka huo huo wa 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika na mashine zake akikusanya nyimbo. Nia yake ilikuwa kuhifadhi, na hazina aliyoiacha haina bei. Lakini hata mwenye kuhifadhi huchagua. Huchagua nani aimbe, nani asogee karibu na kipaza sauti, na nini kiitwe cha asili. Wimbo wenye gitaa la mjini huweza kuachwa nje kwa kuonekana umechafuka. Basi yako makosa mawili yanayokabiliana. Mmoja huubadilisha wimbo hata mwenyewe asiujue; mwingine humkataza mwenyewe asiubadilishe. Kijana wa Igamba si kimondo cha Mbozi, kikae pale kilipoanguka ili wageni waje kukitazama. Ana haki ya kutamani kinanda na kompyuta kama mwingine yeyote.

Kwa miongo mingi baada ya uhuru, mlango mkuu wa bendi za Bara ulikuwa studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi nzima ilipiga kwa pamoja, na maneno ya nyimbo yalikaguliwa kabla ya kurekodiwa. Nguvu ya mwenye mashine wakati huo ilikuwa zaidi juu ya maneno kuliko juu ya sauti. Studio za watu binafsi zilipoenea katika miaka ya 1990, mizani iligeuka. Master J, P-Funk wa Bongo Records, na Miikka Mwamba aliyetoka Finland, hawakuwa wakaguzi. Walikuwa washirika katika kuumba. Albamu ya Professor Jay iitwayo Machozi, Jasho na Damu, iliyotoka mwaka 2001, haiwezi kuelezwa kwa maneno yake peke yake, ingawa maneno hayo ndiyo yaliyompa jina. Mdundo uliotoka Bongo Records uliyapa uzito wa kutembea nao. Mwimbaji na mtayarishaji walikutana, na kila mmoja akamzidisha mwenziwe.

Tena yafaa ikumbukwe kwamba huyo mmoja alitoka Ulaya ya kaskazini, na P-Funk mwenyewe ana damu ya Kiholanzi. Hivyo asili ya mkono haiwezi kuwa kipimo cha haki. Mgeni aweza kuitumikia sauti ya mwenyeji, na mwenyeji aweza kuivunja ya ndugu yake.

Kipimo ni kipi basi? Kisa cha Beatles kinasaidia. Mwaka 1970 Phil Spector alikabidhiwa kanda za albamu ya Let It Be, akaongeza vinanda vya nyuzi na kwaya katika wimbo wa Paul McCartney bila ya mwenyewe kuridhia. Wapo walioupenda wimbo huo hivyo hivyo, na uliuzwa sana. McCartney hakuacha kulalamika, na mwaka 2003 albamu ilitolewa upya bila ya mapambo yale. Uzuri wa kazi haukuondoa dhuluma, kwa kuwa lalamiko halikuwa juu ya uzuri. Lilikuwa juu ya kutoulizwa. Lakini McCartney alikuwa na jina na mali, akaweza kungoja miaka 33. Wa Igamba akishaondoka studio na nauli ya kurudia tu, hana wa kumtolea toleo la pili.

Watetezi wa watayarishaji watajibu kwamba wimbo haukuwa wa mtu mmoja tangu hapo. Ni kweli, na wapenzi wa taarabu ndio wa kwanza kulijua hilo: mmoja hutunga shairi, mwingine hulitia lahani, wa tatu huliimba, na hapana anayemwita mwenziwe mwizi. Hata mashairi ya Muyaka yaliwafikia wasomaji wa leo kwa kupitia mikono ya wengine. Mwalimu Sikujua aliyakusanya, Taylor akayaandika, na Hichens akayachapisha mwaka 1940. Lakini ushirika wa taarabu una sharti lake. Mtunzi anajulikana, mtia lahani anajulikana, na shairi likiharibiwa mtunzi huweza kulizuia. Studio ya mtaani mara nyingi ina mikono mingi na mdomo mmoja wa kuamua. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 hutenga haki za mtunzi, za mwimbaji na za mtayarishaji, na ni vyema. Sheria hugawa mapato. Haiwezi kumfundisha mtu kusikiliza.

Neno linalofaa ni amana. Aliyepewa amana aweza kuisafisha, kuikarabati na hata kuizidisha thamani, maadamu mwenyewe akija aitambue na awe na uwezo wa kusema hapana. Kwa hiyo wajibu wa mtayarishaji hukua kadiri mteja wake anavyokuwa mnyonge. Kwa mwenye jina, kuuliza ni adabu. Kwa asiye na pa kwenda, kuuliza ni haki yake, na kuulizwa kwenyewe hakutoshi kama jibu moja tu ndilo linalopokewa. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, wasema wahenga, nao walieleza hali ilivyo. Hawakusema kwamba ndivyo iwavyo haki.

Wajibu huo ni mwepisi kuutimiza kuliko unavyoonekana. Wahitaji nusu saa ya kusikiliza kabla ya mashine kuwashwa: wimbo uimbwe kwanza kwa makofi na mdomo kama uimbwavyo nyumbani, na mdundo ujengwe juu ya hayo. Huenda kijana akachagua biti ya mjini hata hivyo. Ikiwa amechagua baada ya kusikilizwa, wimbo utakuwa wake, na watu wa Igamba wakiusikia redioni wataweza kumtambua.