Bunduki Rahisi: Rahisi kwa Nani?

Ndugu mmoja wa mtaa wetu alitujia baada ya ibada. Kunguru wamemmalizia vifaranga, mkewe amekata tamaa ya kufuga, naye amesikia ya kuwa bunduki ya upepo hupatikana kwa bei rahisi pamoja na darubini yake. "Mwalimu, ninunue ipi?" Tulimjibu kwamba swali lake lina swali jingine ndani yake: rahisi kwa nani?

Hayo tulijifunza kwa aibu. Zamani, tukiwa bado twafundisha, tuliazima bunduki ya namna hiyo, kuukuu, yenye darubini iliyolegea. Tulilenga kifua cha kunguru juu ya mwembe, tukampata bawa. Akaanguka uani, akawa anajikokota kuzunguka kisima, na mtoto wetu akauliza, "Baba, mbona hafi?" Hatukuwa na jibu. Ilitubidi kummaliza kwa jembe mbele ya macho yake. Kunguru alikuwa mwizi, ni kweli. Lakini mateso yale hayakuwa adhabu ya wizi wake. Yalitokana na uvivu wetu.

Wako watakaosema kwamba ndege huyu si wa kuhurumiwa. Naam, kunguru mwenye shingo ya kijivu ni mgeni kutoka India. Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili ale takataka za mji, akaenea hadi pwani ya bara, na leo hula mayai na makinda ya ndege wa kwetu. Mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru hao milioni moja. Basi hatusemi kwamba kumwua ni dhambi. Twasema kwamba hakujileta. Binadamu ndiye aliyemleta, na binadamu ndiye amlishaye hata sasa kwa takataka azitupazo ovyo.

Kwa hiyo yafaa kuanza na yasiyo na damu: kufunika takataka, kuwaweka vifaranga katika banda la wavu mpaka wakue, kuondoa viota mapema. Kunguru ni mjanja. Akiona mwenzake amepigwa, hujifunza kumkwepa mwenye bunduki. Wavu haukwepeki.

Ikiwa baada ya hayo mtu bado aona hana budi, aende kwanza kituo cha polisi kuuliza sheria na kibali. Kisha fedha yake aitumie kwa busara. Bunduki ya springi, ile ikunjwayo mtutu, haihitaji pampu wala mtungi wa hewa, hivyo gharama zake ni chache. Lakini mshtuko wake huenda nyuma kisha mbele, na darubini isiyotengenezwa kwa mshtuko huo huharibika upesi, ikawa yadanganya jicho. Heri darubini imara ya kukuza mara nne kuliko hafifu ya kukuza mara kumi na mbili. Halafu apige karatasi, siyo ndege, kwa umbali ule ule wa uani, mpaka risasi zake zote ziingie katika duara lisilozidi sarafu. Asiyeweza hivyo hana haki ya kumlenga kiumbe. Wala asipige kuelekea juu mtini, kama tulivyofanya sisi, bali pale tu penye udongo nyuma ya shabaha. Kipande kile kidogo chaweza kumpofusha mtoto wa jirani.

Ndugu yule ameamua kununua wavu kwanza. Habari ya bunduki atafikiri baadaye.

Kitu huwa rahisi pale tu ambapo gharama yake yote tumeilipa sisi wenyewe. Tukimwachia kiumbe asiye na sauti alipe sehemu iliyobaki, hatukununua rahisi. Tumekopa, na mkopo huo tutaulizwa.