RAMADHANI, SIKU YA 12: ALIPOTOA VYOMBO VYAKE BARABARANI

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu zangu wa Mbinga, Mbamba Bay, Liuli, Lituhi na popote mnaposoma ujumbe huu, Allah atukubalie saumu zetu.

Leo tuzungumze jambo tunaloliona kila siku na kulipa majina madogo. Tunasema "anamsumbua tu kidogo." Tunasema "ni utani." Tunasema "mambo ya watu na wapenzi wao, tuyaache."

Kuna dada mmoja, mwenzetu kabisa (nimebadilisha baadhi ya mambo asijulikane). Ananunua usipa ufukweni, anaanika, anaupandisha Mbinga kuuza. Ameachwa na mumewe, na eda imekwisha. Lakini mwanamume hakubali. Anapiga simu usiku wa manane. Dada akizuia namba, inakuja namba nyingine. Meseji inasema: "Nakuona ulipo." Ramadhani ilipoanza akawa anamngoja njiani akitoka tarawehe. Hasemi kitu, anatembea nyuma yake mpaka mlangoni. Hajampiga. Hajamtukana. Lakini dada yule ameacha kuja msikitini, na sisi tukaanza kunong'ona kwamba amelegea katika dini!

Alipokuja kunieleza, mimi nilimjibu: "Subiri dada yangu, ni mwezi mtukufu, muombee dua." Nilidhani nimetoa jibu la dini. Baadaye nikaikumbuka hadithi aliyoipokea Abu Daud, nikaona aibu.

Mtu mmoja alimwendea Mtume (s.a.w.) kumlalamikia jirani yake anayemuudhi. Mtume akamwambia aende akasubiri. Yule mtu akarudi tena, mara mbili au tatu. Safari hii hakuambiwa asubiri. Aliambiwa akatoe vyombo vyake aviweke barabarani. Akavitoa. Kila anayepita anauliza kuna nini, naye anaeleza. Watu wakawa wanamlaani yule jirani, mpaka jirani mwenyewe akaja kumsihi arudi ndani, na kumuahidi kwamba hataona tena jambo la kumchukiza kutoka kwake.

Tazameni vizuri, ndugu zangu. Subira ilikuwa jibu la kwanza, haikuwa jibu la mwisho. Na yule aliyeonewa hakuambiwa anasengenya. Imam Nawawi ameeleza wazi kwamba aliyedhulumiwa akipeleka malalamiko kwa mwenye uwezo wa kumsaidia, hiyo si ghiba iliyokatazwa. Sasa sisi huku kwetu, ambako kila mtu ni shemeji wa mtu, tumemwachia anayeonewa jibu moja tu: nyamaza, usituaibishe.

Na wewe ndugu yangu unayefuata watu, hebu nikuulize. Masahaba walikuwa safarini, mmoja akalala, wenzake wakaichukua kamba yake. Akashtuka. Mtume (s.a.w.) akabainisha kwamba si halali kwa Muislamu kumtia hofu Muislamu mwenzake. Kamba tu hiyo! Itakuwaje meseji ya saa nane usiku? Katika Suratul Ahzab, aya ya 58, Allah ametueleza kwamba wanaowaudhi waumini wanaume na wanawake bila kosa wamejibebesha dhambi iliyo wazi. Na katika Suratut Talaq, aya ya 6, amekataza wanawake walioachwa kudhuriwa na kubanwa. Huyo si mkeo tena. Eda imekwisha, kwako ni ajnabi kama wengine.

Halafu unafunga. Kumbuka hadithi ya muflisi iliyo katika Sahih Muslim: mtu atakuja Siku ya Kiyama na swala, saumu na zaka, lakini alimtukana huyu, akampiga yule. Mema yake yatagawiwa aliowadhulumu mpaka yaishe. Unashinda na njaa kutwa nzima, kumbe saumu unamfungia yule unayemnyima usingizi.

Na sheria ya nchi nayo imetoa barabara ya kuweka vyombo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 23, inakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumshurutisha, kumtisha, kumsumbua au kumuumiza moyo. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Na usijidanganye na namba ngeni, laini zinasajiliwa kwa alama za vidole. Kanuni ya Adhabu nayo, baada ya mabadiliko ya mwaka 1998, inamtia hatiani anayemnyanyasa mtu kijinsia, hata kama ni kwa maneno au vitendo bila kumgusa. Kifungo chake kinaweza kufika miaka 5.

Dada yangu, na kaka pia, maana hata wanaume wanasumbuliwa: usifute zile meseji hata kama zinakuchefua. Andika tarehe, saa na namba. Mwambie mtu unayemwamini. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au kwa afisa ustawi wa jamii. Wapo pia wasaidizi wa kisheria waliowekewa utaratibu na sheria ya mwaka 2017, na msaada wao ni bure kwa asiye na uwezo. Kama anayesumbuliwa ni mtoto, piga 116, haulipii. Usikawie.

Na sisi jamaa wa msikiti tuna sehemu yetu. Wale waliopita barabarani hawakugeuza nyuso, waliuliza. Kutoka kijiji cha ziwani mpaka kituo cha polisi ni nauli, na ni siku nzima ya biashara. Mchangie nauli. Msindikize. Ukimjua anayefuata watu, mwambie aache, hata kama ni mdogo wako.

Mimi nimerudi kwa dada yule nikamuomba radhi. Kaka yake na mzee wetu mmoja wamekubali kwenda naye dawatini. Na kuanzia leo, baada ya tarawehe, kina mama wasitoke mmoja mmoja, watoke kundi, na vijana wawili watembee nao mpaka wa mwisho afike kwake. Tunataka kumuona tena kwenye safu kabla ya kumi la mwisho, inshaallah.

Ewe Allah, zilinde ndimi zetu na mikono yetu, na utujaalie tuwe amani kwa waja wako. Amin.

Wabillahi tawfiq. Mtumie na mwenzako.